Viberiti Nilivyopeleka Dranya

Daftari lenyewe lilipotea mwaka wa 1979, tulipokimbia vita na kuvuka mpaka pale Vurra na vitu vile tu ambavyo mikono iliweza kubeba. Lilikuwa daftari la ofisi, lenye jalada gumu la kijani, nami nililichukua bila kumwomba mtu ruhusa. Sehemu kubwa ya niliyoyaandika humo siikumbuki tena wala sisikitiki. Lakini kurasa chache za mwaka wa 1974 bado zimo kichwani mwangu neno kwa neno, kwa sababu baadaye nilizisoma mara nyingi sana nikitafuta mahali nilipokosea.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Arua. Siku za baraza nilitolewa nyuma ya mashine na kuketishwa pembeni na daftari, niandike watu walivyosema. Niliipenda kazi hiyo. Niliandika nani alisimama, alisema nini, nani alimjibu, na sikuongeza neno langu hata moja. Mkubwa wangu alisema kwamba ukisoma maandishi yangu unasikia mpaka kiti kikisogezwa. Nilitembea na sifa hiyo mwaka mzima.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama, katika mtaa wetu wa Wanubi, wajukuu wa askari wa zamani. Baba alikuwa askari, na alikuwa ameshafariki. Nyumba yetu ilikuwa ya bati, na sebuleni kulikuwa na taa ya umeme, saa ya ukutani, na redio iliyofunikwa kitambaa alichodarizi mama. Uani kulikuwa na bomba. Umeme ulikatika mara kwa mara na bomba lilikohoa kabla ya kutoa maji, lakini ulipowaka na yalipotoka, tulijiona watu wa dunia mpya. Mimi hasa nilijiona hivyo. Niliamini kwamba kila mtu anayeishi bila vitu hivi anavisubiri.

Dada wa mama, mama yangu mkubwa, aliishi Dranya, mbele ya Koboko. Yeye pia alizaliwa mjini, katika nyumba za askari, lakini aliolewa na Mkakwa aliyestaafu jeshi akarudi kwao kulima. Alimfuata. Mama alipenda kusimulia kwamba dada yake alifika Dranya na viatu vya kisigino, hajui kushika jembe, hajui Kikakwa, na wanawake wa pale walikuja kumtazama kama watu wanaotazama gari lililoharibika njiani. Sasa mume alikuwa amekufa, watoto hawakuishi, na kulikuwa na habari kwamba anakohoa. Mama alitaka aje tukae naye. Alimtumia salamu mara tatu na mara tatu jibu lilikuwa kwamba anashukuru. Basi akanituma mimi. Niliomba likizo ya siku kumi, na mama aliponifungia mzigo aliniambia nisirudi bila dada yake.

Katika mzigo huo kulikuwa na sabuni, chumvi, majani ya chai, shuka moja, na viberiti dazeni mbili. Mwaka ule viberiti vilikuwa adimu kuliko sukari. Rafiki ya mama, mfanyabiashara aliyekwenda Vurra kila wiki kungojea malori kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyetupatia. Wazo la viberiti lilikuwa langu. Niliwahi kufika Dranya nikiwa mtoto, na kitu kimoja nilichokumbuka ni wanawake waliokuja mlangoni alfajiri, kila mmoja na kigae cha chungu mkononi, wakiomba moto. Niliwaonea huruma tangu siku hiyo. Mtu mzima, mwenye nyumba yake, anatoka kwenye umande kwenda kuomba kaa la moto kama anayeomba sadaka.

Nilipanda lori la tumbaku mpaka Koboko, kisha mwenye baiskeli akabeba mzigo nami nikatembea nyuma yake. Nilifika jua likiwa bado juu. Mama mkubwa alikuwa ameketi mbele ya nyumba anachambua ufuta katika ungo. Alinitazama, akaweka ungo chini, akasema kwamba sasa dada yake amechoka kutuma maneno, anatuma miguu.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti nje.

"Moto iko?"

"Iko. Ingia."

Ndivyo walivyosema, na sikuwahi kusikia wakisema vingine. Wenyewe kwa wenyewe walizungumza Kikakwa, lakini salamu hiyo ya moto ilibaki katika Kiswahili kile cha kambi za jeshi ambacho mama mkubwa alikuja nacho alipokuwa hajui lugha nyingine ya kuwakaribisha.

Nilitoka nikaketi kizingitini na daftari. Katika jiko la mama mkubwa kulikuwa na gogo la mkwaju, nene kama paja, ambalo jioni alilifunika kwa majivu na alfajiri akalifukua. Ndani lilikuwa jekundu. Alinieleza kwamba moto ule haukuwahi kuzimika tangu mwaka alioolewa. Gogo likikaribia kwisha huliunganisha na jingine. Katika siku zake za kwanza, alipokuwa hawezi kulima wala kutwanga kama wengine, hiki ndicho kitu alichojua, kwa sababu katika nyumba za askari mama yake alikuwa mpishi na aliwafundisha binti zake kulaza moto usife. Mvua kubwa ilinyesha, mioto ya majirani ikazimika, wa kwake ukabaki. Wakaja. Wakaendelea kuja.

Niliandika kila aliyeingia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa hivi: wa kwanza, jirani wa nyuma ya shamba la muhogo, mwembamba, mcheshi, anasema mbuzi wake amekula kamba. Wa pili, mjamzito, miguu imevimba, mama mkubwa amemwambia asibebe maji leo, atatuma mtu. Wa tatu, mzee wa kike asiyeona vizuri, ameleta mjukuu amshikie kigae. Wa nne hakusema kitu, na alipotoka mama mkubwa alisema yule hajala tangu jana, akanituma nimpelekee unga. Walikuwa tisa. Kila mmoja alimwaga majivu kidogo katika kigae chake, akapewa kaa juu yake, na hakuna aliyetoka mara moja. Mpaka jua linachomoza, mama mkubwa alikuwa anajua nyumba tisa zimelalaje.

Yule mcheshi alinyoosha shingo kutazama daftari.

"Hii mtoto ya mjini naandika nini?"

"Naandika nyinyi," mama mkubwa akamjibu, kwani katika Kiswahili kile "naandika" ni ya mimi, wewe na yeye.

"Aandike mimi iko mzuri. Aandike mbuzi yangu iko mwizi."

Tangu siku hiyo kila alipoingia aliniuliza kama mbuzi wake bado yumo katika daftari la ofisi. Asubuhi ya pili alikuja na habari kwamba mbuzi ameomba kazi. Ya tatu, kwamba amepandishwa cheo. Sikuwa nimecheka asubuhi kwa miaka. Arua asubuhi yangu ilikuwa saa ya ukutani, chai ya haraka, na barabara. Asubuhi ile ya tatu niliamka kabla yao. Nilijiambia nimeamshwa na baridi, lakini nilikuwa nimekaa kizingitini nasikiliza nyayo kwenye majani, na nilipozisikia, kitu fulani kifuani mwangu kilitulia.

Hata hivyo nilikuwa na kazi niliyotumwa. Mchana wa siku ya tatu, tukiwa tunamenya muhogo, nilimweleza mambo yote kwa mpangilio: kikohozi chake, hospitali iliyo karibu nasi, bomba, chumba nilichomsafishia, dada yake anayezeeka peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema neno ambalo niliandika lilivyo.

"Mimi nakwenda Arua, hawa watachukua moto wapi?"

Mtu mwingine angesikia katika maneno hayo jibu. Mimi nilisikia kizuizi, na kazi ya ofisi ilikuwa imenifundisha nini cha kufanya na kizuizi. Nilikuwa na viberiti dazeni mbili.

Kesho yake, mama mkubwa alipokwenda mtoni, nilizunguka nyumba zote tisa. Niliacha viberiti viwili kila nyumba, na vilivyobaki nikavihifadhi kwa ajili yake. Kwetu, katika mtaa wa Wanubi, kijana hatoi zawadi kwa jina lake wakati mkubwa wake yuko hai na yuko nyumba ileile. Ni utovu wa adabu. Ukitumwa au usitumwe, unasema mkubwa anakusalimu, amekutumia hiki. Basi katika kila mlango nilipiga goti kidogo, nikatoa viberiti kwa mikono miwili, nikasema: "Haboba anawasalimu, amewatumia moto." Haboba ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na wao pia walimwita hivyo. Walipokea kwa mikono miwili. Yule mcheshi alivigeuza viberiti mkononi, akanitazama usoni, akashukuru, na hakutaja mbuzi.

Mama mkubwa aliporudi nilimwambia kwamba nimegawa viberiti kwa majirani. Alisema nimefanya vizuri, maana vitu hivyo ni shida kupatikana.

Asubuhi ya tano nilifungua daftari, nikaandika siku, nikangoja. Mama mkubwa alikuwa amefukua gogo na kupanga makaa mbele, makubwa upande huu na madogo upande ule, kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Jogoo waliwika, wakanyamaza. Moshi ulipanda nyuma ya shamba la muhogo, kisha kwa mjamzito, kisha kwa mzee asiyeona. Niliuona kila moshi na, Mungu anisamehe, niliufurahia. Niliandika: hakuna aliyekuja.

Asubuhi ya sita niliandika hivyohivyo. Mchana huo tulikutana na wawili wao njiani. Walisimama kando kutupisha, wakainamisha vichwa, wakamsalimu mama mkubwa kwa heshima kubwa, heshima ambayo sikuwa nimeiona siku za mwanzo walipokuwa wakiingia kwake wakipiga miayo. Yeye naye aliwajibu kwa heshima. Hakuna aliyeuliza kitu. Tulipofika nyumbani aliketi mbele ya jiko mikono ikiwa mapajani, mtu ambaye sikuwahi kuiona mikono yake bila kazi.

Asubuhi ya saba aliniuliza, bila kugeuka:

"Lori ya Arua nakwenda siku gani?"

Nilimkumbatia. Nilidhani nimemshawishi. Jioni hiyo, ya mwisho kwetu pale, nilimwona akipita karibu na gogo mara mbili tatu, na hakulifunika majivu. Nililiona hilo vizuri, na hilo pia niliandika.

Mama alilia kwa furaha. Tulimpa mama mkubwa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, na jioni ya kwanza nilimshika mkono nikamwonyesha swichi ya taa. Aliibonyeza mara moja, akaibonyeza tena, akasema ni nzuri, kisha hakuigusa tena. Hospitali walimpa dawa na kikohozi kikapungua. Kwa hesabu yoyote niliyoijua, mambo yalikuwa yamekwenda sawa.

Lakini kila alfajiri nilipoamka kujiandaa kwenda kazini nilimkuta uani, amekwisha kuwasha jiko la makaa, ameketi kwenye kigoda akitazama lango. Chai ilikuwa tayari. Makaa aliyapanga, makubwa upande huu, madogo upande ule. Lango letu lilikuwa la bati na lilifungwa kwa komeo. Katika wiki ya pili niligundua kwamba analifungua kabla hajawasha moto, na mama akitoka analifunga, na hawakusemezana juu ya jambo hilo.

Siku moja aliniuliza mtu wa mlango wa bluu amekwenda wapi. Ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja. Alikuwa fundi cherehani, mzee, anakaa peke yake, na kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana nikienda na nikirudi. Nilisema sijui, labda amesafiri.

"Kama amesafiri, nani nakohoa ndani?"

Alikwenda akagonga, akagonga tena, kisha akasukuma mlango. Fundi alikuwa kitandani siku ya tatu na homa, midomo imepasuka kwa kiu, na debe la maji lilikuwa upande wa pili wa chumba. Mama mkubwa alimpikia uji siku nne. Mimi nilirudi sebuleni nikaketi chini ya taa yetu. Tulikuwa tumekaa ukuta kwa ukuta na mtu aliyekuwa akifa kwa kiu karibu na bomba, na siku zote hizo redio yetu ilikuwa inatuambia habari za nchi za mbali.

Kuanzia hapo macho yangu yakaharibika. Sikuweza kuutazama mji kama zamani. Nilipita katika mtaa wetu asubuhi nikihesabu milango iliyofungwa, nikijiuliza ndani ya kila mmoja kumelalaje, na sikujua hata mmoja. Ofisini, vidole vikiwa juu ya mashine, nilisikia nyayo kwenye majani. Nilifungua daftari chini ya meza nikasoma kuhusu mbuzi mwizi. Nilitamani nisikie alipanda cheo gani baadaye. Ni jambo la kijinga kutamani, lakini nilitamani hivyo, kwa uchungu, kama anayetamani chakula cha utotoni. Na nilijiuliza, ikiwa mimi niliyekaa siku chache naona hivi, basi yule aliyekaa uani akitazama lango alikuwa anaona nini.

Nilimwuliza mara moja kama anataka kurudi. Alisema kurudi kufanya nini. Watu wana moto wao.

Yule mcheshi alikuja mwezi wa nne tangu tuondoke Dranya. Alikuwa ameleta karanga sokoni Arua, na aliuliza mtaa kwa mtaa mpaka akatupata. Alisimama langoni, na ingawa lango lilikuwa wazi, hakuingia. Alisimama tu na kifurushi cha ufuta mkononi, amejifunga kanga yake ya safari. Mama mkubwa alipomwona aliinuka haraka mpaka kigoda kikaanguka. Kisha wote wawili wakakumbuka heshima yao mpya, wakasalimiana kwa kuinamisha vichwa.

Alikaribishwa, akapewa chai. Alitoa habari kwa mpangilio, kana kwamba yuko barazani. Mjamzito alizaa salama. Mzee asiyeona alianguka gizani asubuhi moja, hakuna aliyejua mpaka mchana, sasa anatembea na fimbo. Viberiti vilikwisha, na dukani Koboko hakuna. Watu wanaomba moto huku na huku, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na siku nyingine unazunguka nyumba tatu hupati. Nyumba ya Haboba iko, nyasi za paa zimeanza kushuka upande mmoja. Alipofika hapo alizungusha kikombe, akasema alichokuja kusema.

"Haboba, sisi nakosea wewe nini?"

Mama mkubwa alimtazama.

"Nyinyi nakosea mimi? Ni mimi nakaa na moto siku tatu, hakuna mtu nakuja."

"Tutakuja namna gani? Wewe natuma kiberiti kila nyumba. Mtu ya moto akikupa moto ukae nayo kwako, si amesema usikuje tena? Sisi tukasema, Haboba amechoka na sisi. Hatuwezi kumsumbua."

Mama alikuwa anasuka kifuniko cha sinia. Mkono wake ulisimama. Mama mkubwa hakugeuka upande wangu mara moja. Alifikiri kwanza, na nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, siku kwa siku, mpaka mtoni alikokuwa siku ya nne.

Nilisema mwenyewe. Nilisema kwamba nilipiga goti katika milango tisa na kutumia jina lake, kama tunavyofundishwa. Nilisema pia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba nilivigawa ili asiwe na sababu ya kubaki.

Nilingoja anigombeze. Mcheshi alitazama ndani ya kikombe chake. Mama mkubwa aliokota kigoda, akakisimamisha, akaketi.

"Wewe naandika kila kitu," alisema. "Maneno uliyosema kwa milango, hii uliandika?"

Sikuwa nimeandika. Niliandika maneno ya kila mtu aliyeingia katika nyumba ile, hata kikohozi, hata ya mbuzi. Yangu sikuyaandika. Ndivyo nilivyozoea kazini, na ndiyo maana nilisoma kurasa zile mara nyingi bila kuliona kosa. Halikuwemo.

Kisha mama mkubwa akamgeukia mgeni wake na kumwuliza, kwa sauti ile ya alfajiri ambayo sikuwa nimeisikia tangu Dranya, kama yule mbuzi bado ni mwizi. Mcheshi alisema mbuzi amestaafu, anangoja zawadi ya serikali. Walicheka mpaka mama akaja kuwatazama usoni, na nadhani hapo ndipo mama alipojua kwamba atampoteza dada yake mara ya pili. Siku iliyofuata alianza kumsukia kifuniko kikubwa cha kwenda nacho safarini.

Niliomba ruhusa ya siku mbili nikamrudisha. Lori la Koboko, mwenye baiskeli, njia ileile. Safari hii sikubeba kiberiti cha mtu, ila kimoja kilikuwa katika mkoba wangu, kimesahaulika tangu ofisini, na nilikigundua tu tulipofika nilipotafuta leso.

Nyumba ilinuka panya na mvua. Katika jiko gogo la mkwaju lilikuwa jeusi, baridi, limeliwa na mchwa chini. Mama mkubwa alichuchumaa akaweka kiganja juu yake. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika kile kiberiti, na nilihesabu kwa ncha ya kidole kwamba njiti zimo. Kidogo tu nikitoe. Nilikiacha nikafunga mkoba.

Alitafuta kigae uani. Alipata kimoja kilichovunjika vizuri, akakipangusa kwa upindo wa nguo, akatia majivu ya zamani. Akatoka. Nilimfuata kwenye kijia cha shamba la muhogo mpaka nyumba ya nyuma. Mwanamke huyu ambaye aliwapa moto majirani zake tangu alipokuwa bibi harusi hakuwa amewahi hata siku moja kuuomba, na nilimwona anasita, anaweka sawa kitambaa kichwani, kama mtu aliyefika ugenini.

"Moto iko?"

Sauti ya mcheshi ikatoka ndani, na haikuwa na mzaha wowote.

"Iko. Ingia."

Hakutoka mara moja. Mimi nilikaa nje, nikawasikia wakizungumza.

Nililala usiku mmoja tu. Lori lingeondoka Koboko asubuhi mapema, na saa mbili ya kesho yake nilitakiwa niwe mbele ya mashine. Mama mkubwa alikuwa amelaza gogo jipya jioni. Alfajiri, kukiwa bado kijivu, alilifukua, akaanza kupanga makaa, akaniambia niende nisije nikakosa lori, na kwamba dada yake alale na lango wazi, mjini au si mjini.

Nilikutana nao njiani. Walikuja mmoja mmoja kwenye umande, kila mtu na kigae chake. Mjamzito wa zamani alikuwa na mtoto mgongoni. Mzee asiyeona vizuri alikuja na fimbo yake na mjukuu. Walinisalimu, wakapita. Wa mwisho alikuwa yule ambaye siku ya kwanza hakusema kitu. Alisimama kabisa, akanitazama na mkoba wangu na viatu vyangu vya mjini vilivyolowa.

"Watu nakuja," alisema. "Wewe nakwenda wapi?"

Nilimwambia nawahi kazi. Alitikisa kichwa kana kwamba amenielewa, akanipisha njia, akaendelea. Nilisimama mpaka nikasikia sauti yake mlangoni, ndogo kwa umbali, na nyingine ikimjibu. Kisha nikatembea haraka, kwa sababu nilikuwa nimechelewa.